Shamba kwa Doti ya Kanga

Tulipoachana juma lililopita, fimbo ya Akida, mwamuzi aliyewekwa na boma la Mjerumani, ilikuwa imenyooshwa. Ilielekea kifuani kwa mama mmoja wa makamo kutoka mlimani, na baraza zima lilikuwa limenyamaza kama msikiti usio na watu.

"Hiyo kanga uliyovaa," Akida aliuliza, "nani kakupa?"

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la juma lililopita, ngoja nikukumbushe upesi. Mama huyo ni Theresia, Mluguru wa misheni kule juu. Ndiye mshika shamba la ukoo lililopo Mafiga, lile bonde zuri karibu na stesheni. Kwao ardhi hushikwa na akina mama, haiuzwi, na kila anayelima pale, awe mgeni awe mtoto wa ukoo, humpelekea mshika shamba kuku mmoja kila msimu. Kuku huyo wanamwita ngoto. Maana yake ni moja tu: najua shamba hili si langu.

Na aliyesimama upande wa pili wa baraza ni Mwanaheri, mjane wa mjini, binti wa marehemu mdogo wake Theresia. Mtoto wa nyumbani kabisa. Aliomba sehemu ya bonde apande mchicha. Reli ya Mjerumani ilipofika na mafundi wakahamia kutoka Ngerengere bila pa kulala, mchicha uling'olewa. Kikasimama chumba cha kupangisha. Chumba kikazaa chumba, vyumba vikazaa nyumba. Sasa Mwanaheri na mwenzake wa biashara, Yunusi, fundi mwashi wa Bagamoyo, walitaka kujenga za matofali na bati. Wakaambiwa na boma: matofali ni kwa mwenye ardhi tu.

Kwa hiyo msimu ule Mwanaheri hakupeleka kuku. Kwa ushauri wa Yunusi alipeleka kanga nyekundu ya mikorosho, doti nzima. Kisha wakaenda kwa Akida kutaka shamba liandikwe la Mwanaheri.

Haya, turudi barazani.

Theresia aliitazama kanga yake, akaipapasa, akatabasamu. Masikini wa Mungu, alitabasamu!

"Kanipa mwanangu Mwanaheri," alisema. "Huyo hapo. Tangu nizaliwe sijapata kuvaa kitu kama hiki."

"Uliipokea kwa hiari yako?"

"Nani akatae kanga, Akida? Hata wewe ungepokea."

Watu wakacheka. Akida hakucheka.

"Uliivaa mbele za watu?"

"Niliivaa kanisani Sikukuu ya Pasaka. Muulizeni Benedikto."

Benedikto, katekista, alikuwa amekaa nyuma amejikunja. Alisimama shingo upande. "Ni kweli, Akida. Aliivaa. Akina mama wote walimzunguka baada ya misa, hata padri akauliza kuna nini."

"Akasema amepewa na nani?"

"Na Mwanaheri. Alisema kwa sauti."

Akida alirudisha fimbo pajani. Akamgeukia Mwanaheri.

Sasa sikilizeni vizuri, nyinyi mlio na watoto. Hapa ndipo mtu anapopotea. Hapotei porini. Anapotea mahali palipofagiwa, mchana kweupe, watu wanamtazama.

"Mwanaheri. Kanga hiyo ilikuwa zawadi, au ilikuwa bei ya shamba?"

Mwanaheri alimtazama Yunusi. Yunusi alikuwa anatazama juu, paani, kama mtu anayepima mbao.

Alimtazama mama yake mkubwa. Theresia alimtikisia kichwa, kama unavyompa mtoto moyo anapoogopa kusoma mbele ya darasa. Sema, mwanangu. Sema tu.

"Bei," alisema Mwanaheri.

Neno dogo kama punje ya mtama. Lakini halikurudi mdomoni.

Baraza lililipuka. "Eh!" "Kasemaje?" "Kasema bei!" "Shamba zima kwa kanga?" "Na yeye si kaivaa? Aliyevaa bei kauza!"

"Kimya!" Akida aligonga fimbo chini. "Kanga ilitolewa, ikapokelewa, ikavaliwa mbele ya kanisa zima. Hakuna siri hapo. Shamba la Mafiga, toka kijito mpaka njia ya reli, ni la Mwanaheri. Nitalifikisha boma hivyo hivyo."

Theresia hakupiga kelele. Hakulia. Alibaki amesimama, midomo inatembea kidogo, kama anayerudia sala aliyosahau katikati.

Kisha alianza kujifungua ile kanga.

Wanaume wakageuza nyuso. Lakini ndani alikuwa na kaniki yake ya zamani, imechakaa mpaka imekuwa rangi ya majivu. Aliikunja kanga. Akaikunja tena. Akapiga hatua mpaka mbele ya Mwanaheri, akaiweka mikononi mwake.

"Haya, mama. Chukua nguo yako. Nipe shamba langu."

"Haiwezekani," alisema Akida. "Kilichouzwa kimeuzwa, bibi."

Theresia hakumsikia, au hakutaka kumsikia. Alikuwa anamtazama Mwanaheri machoni, na hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali hasira!

"Ulikuwa na shida, mwanangu?" aliuliza taratibu. "Mbona hukuniambia?"

Akatoka barazani na kaniki yake. Kanga ilibaki mikononi mwa Mwanaheri, ina joto la mwili wa mwenyewe.

*

Njiani Yunusi alikuwa anaruka kama mwana mbuzi.

"Umeiona kazi? Umeiona? Nilikuambia mimi! Sasa tanuri. Kesho naanza tanuri la matofali pale kijitoni. Nyumba ya bati, Mwanaheri! Karani wa stesheni ananiuliza kila siku. Mhindi wa duka anataka vyumba vya mbele. Hatulali sasa. Nyumba hii ikijaa, kodi yake inajenga ile. Ile ikijaa, inajenga mbili. Ukisimama tu, umekwisha."

"Umemwona alivyovua?"

"Nani?"

"Mama mkubwa."

"Aaa, wewe nawe! Wazee ndivyo walivyo. Atanuna, atazoea. Tena mpelekee chumvi na sukari, utaona."

"Alinitikisia kichwa, Yunusi. Kabla sijasema. Alidhani nitamsaidia."

Yunusi alisimama, akamshika bega. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri, na hilo lilikuwa tatizo lake na la wengi waliomsikiliza.

"Sikiliza, dada yangu. Unamlea Asha peke yako. Mume hakuacha hata jembe lenye mpini. Kosa lako ni nini? Kumtakia mwanao paa? Yote haya ni ya Asha."

Yote haya ni ya Asha. Wazazi wenzangu, mara ngapi tumejificha nyuma ya watoto wetu? Tunachukua cha watu, tukiulizwa tunawasukuma wao mbele.

Mwanaheri alipita kwenye vyumba vyake. Wapangaji walimpigia vigelegele. Mpishi wa kambi ya reli alimwita "mama mwenye mji". Alipofika kwake hakuweza kula. Kanga aliitupa juu ya kasha, akaitoa, akaiweka ndani ya kasha, akaitoa tena. Kila alipoiweka palikuwa hapaifai.

"Mama," sauti ilitoka chumba cha ndani. "Bibi hajambo?"

Alikuwa Asha. Binti huyu alikuwa mwali, amewekwa ndani tangu mvua za vuli, hatoki, hapigwi na jua, haonwi na mwanamume. Na siku yake ya kutolewa ilikuwa imefika. Ijumaa ile ile. Posho ya ngoma ilishatwangwa, wakwe walishatuma habari kuwa watakuwepo.

"Hajambo," alisema Mwanaheri.

"Ijumaa atakuja?"

Hapo pia ilikuwa nafasi ya kusema kweli.

"Atakuja," alisema Mwanaheri. "Kwa nini asije?"

Asha akacheka huko ndani, kicheko cha mtoto. "Padri hapendi, lakini bibi kaapa atanitoa kwa mkono wake. Amesema atanizungusha bonde zima, mti kwa mti, mpaka nijue mipaka kuliko yeye. Amesema yeye hana mtoto, kwa hiyo akifumba macho mshika shamba ni mimi."

Mwanaheri aliketi chini pale pale penye kizingiti.

Hilo hakuwa amelifikiria. Au alilifikiria na kulipita haraka, kama unavyopita nyumba ya mtu unayemkwepa. Shamba lile lingekuja kwa mwanawe bure, bila fimbo ya Akida, bila kanga. Tena lingekuja likiwa halina wa kuliuza. Na sasa, kwa mapatano yao ya biashara, nusu yake ilikuwa ya Yunusi.

*

Ijumaa ilifika na jua kali. Ngoma zilikuwa zimewekwa juani ngozi zikazwe. Uani kulijaa wanawake, na juu yao wote alikuwa Chausiku, jirani na somo aliyemfunda Asha, mwanamke mwenye mdomo unaofika mahali kabla ya miguu yake.

"Bibi wa mwali yuko wapi?" alipaza Chausiku. "Mwali kaiva ndani humu, mnataka aoze?"

"Anakuja."

"Anakuja na konokono?"

Wanawake wakacheka. Mwanaheri naye akacheka, kicheko cha meno tu.

Kisha kicheko kikakatika upande wa njia. Wanawake wakapisha.

Theresia alikuwa anakuja. Alikuwa na kaniki yake ya majivu. Begani kabeba jembe jipya, kwapani kabana kuku jike mweupe.

Moyo wa Mwanaheri ulipiga kwa furaha. Kaja! Kasamehe! Alimkimbilia mikono wazi.

Lakini Theresia hakuingia uani. Alisimama nje ya ua, pale wanaposimama wageni wasiojuana na wenye nyumba. Akalilaza jembe chini. Akapiga magoti mavumbini.

"Shikamoo, mwenye ardhi," alisema.

Msomaji, hebu lirudie hilo taratibu. Mama mkubwa anamwambia shikamoo mtoto wa mdogo wake.

Chausiku, ambaye hajapata kukosa neno maishani mwake, aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama mkubwa, inuka," Mwanaheri alinong'ona. "Nakuomba, inuka, watu wanatazama."

"Nasubiri uitikie."

"Siwezi kuitikia hiyo!"

"Basi nitasema haja yangu bila kuitikiwa." Theresia alimtoa kuku kwapani, akamshika kwa mikono miwili, akamnyoosha mbele. "Mimi ni mtu wa mlimani. Sina pa kulima mboga huku chini. Nimesikia wewe ndiye mwenye bonde. Naomba kipande pale kijitoni, pale penye maboga. Ngoto yangu ni hii."

"Maboga yale ni yako! Uliyapanda mwenyewe!"

"Maboga ni yangu. Ardhi ni yako. Umesema mbele ya Akida."

"Sitampokea huyo kuku."

"Umeninyima?"

"Sijakunyima! Lima! Lima popote, lima kote!"

"Bila ngoto? Kwani mimi mwizi?"

Mwanaheri alinyoosha mkono, akaurudisha. Tazameni alivyobanwa. Akimpokea kuku, amekiri mbele ya wanawake wa mji mzima kuwa yeye ndiye mwenye ardhi na mama yake mkubwa ni mwombaji. Akimkataa, amemnyima mama yake mkubwa kijisehemu cha maboga. Na njia ya tatu ilikuwepo, pana kabisa. Ilikuwa kusema: mama, nilidanganya. Ila mwisho wa njia hiyo kulikuwa na vyumba vyake vyote, na wapangaji, na tanuri lililokuwa linafuka moshi tayari kule kijitoni.

"Tuyaache haya leo," alisema. "Leo ni siku ya Asha. Ingia umtoe mwali, kesho tutakaa tuzungumze kama watu wa nyumba moja."

Hapo, kwa mara ya kwanza, sauti ya Theresia ilitetemeka.

"Nimtoe, nimpeleke wapi? Mwali nikimtoa namwonyesha mipaka. Namwambia, huu mti aliupanda bibi yako mzaa bibi, hapa ndipo kwetu, hapa hakuna wa kukufukuza. Sasa nimwonyeshe nini, Mwanaheri? Tanuri la fundi?"

"Mama mkubwa..."

"Mgeni hatoi mwali wa watu."

Aliinuka. Akamfunga kuku mguu kwa ugwe wa mgomba, akamfunga kwenye nguzo ya ua. Jembe akaliacha pale pale mavumbini.

"Nitapita tena nisikie jibu," alisema. Akashika njia ya Bigwa, ile inayopanda mlimani.

Chausiku aliondoa viganja mdomoni. "Mwanaheri," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Umefanya nini?"

Kuku alizunguka nguzo, ugwe ukamkaza, akaanguka ubavu, akabaki anapepesa jicho moja. Na hakuna mwanamke aliyethubutu kwenda kumfungua. Kuku wa ngoto hufunguliwa na mwenye ardhi peke yake.

*

Wanawake walikuwa wanaanza kujitenga kwa vikundi pale walipomwona Yunusi.

Hakuja peke yake. Nyuma yake waliandamana wapagazi, kila mmoja na robota kichwani, jasho linawachuruzika. Walikuwa wamebeba mizigo mingi ya reli, lakini hii ilikuwa laini na wanaibeba wanaimba.

"Mbona mmenuna?" Yunusi alisema. "Hii ngoma au matanga? Na huyu kuku vipi? Mchinjeni!"

"Usimguse!" Mwanaheri alipiga kelele. Kisha akashusha sauti. "Ni mizigo gani hii umeleta?"

Yunusi alimvuta pembeni. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Nilikuwa nataka kukushangaza. Unajua yule Mzungu wa miti ya mpira, anayetafuta mashamba mlimani? Nimempa nusu yangu ya bonde. Ile ya kijitoni."

"Umempa nusu ya shamba?"

"Nusu yangu. Akida si kasema ni letu? Kitu chako unakifanya utakavyo. Naye kanipa hivi." Alipiga ubavu wa robota lililokuwa karibu. Kamba ikalegea, pembe ya kitambaa ikachomoza.

Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa na mikorosho.

Mwanaheri alihisi ardhi inamkimbia.

"Kanga," alisema Yunusi kwa fahari. "Zote sampuli moja. Umesahau Benedikto alivyosema? Akina mama wote walimzunguka Theresia kanisani. Kila mmoja kule juu anaitamani kanga hii. Sasa atapewa! Zawadi, bure, kila mshika shamba doti moja. Jumapili wataivaa misa, watu wote watawaona. Jumatatu tuko kwa Akida."

"Yunusi, usifanye hivyo."

"Kwa nini? Bonde moja si biashara, ni bahati. Mabonde kumi ndiyo biashara. Mzungu anachukua yote, sisi tunabaki na viwanja vya stesheni. Nilikuambia, ukisimama umekwisha!"

"Wale ni ndugu zangu. Ni mama zangu wale."

"Na Theresia alikuwa nani?"

Alilisema bila ubaya hata kidogo. Aliuliza tu.

"Nitawaambia wasipokee," alisema Mwanaheri.

"Waambie. Watauliza kwa nini. Utasema ni bei. Watauliza umejuaje." Yunusi aliinama kidogo, akamsogelea sikioni. "Utakapokwisha kueleza utakuwa umejitoa kwenye nyumba zako mwenyewe. Akida atabatilisha. Boma litakuja. Wapangaji wataondoka. Na Mzungu atamtafuta aliyemuuzia kitu cha uongo, na mimi nitamwonyesha mlango wako. Neno 'bei' hukulisikia kwangu barazani, dada. Mimi nilikuwa natazama paa."

Alinyanyua mkono. Wapagazi wakajitwisha upya.

Mwanaheri alisimama. Alikuwa na sauti. Alikuwa na miguu. Njia ilikuwa nyembamba, angeweza kulala katikati yake wakampita kwa kumruka. Hakufanya lolote. Aliyawaza matofali. Msimhukumu haraka, na sisi tuna matofali yetu.

Robota la kwanza likapita. La pili likapita.

Ndipo mlango wa chumba cha ndani ulipolia.

"Mwali katoka!" Chausiku alipiga ukelele uliowainua kunguru paani. "Mwali katoka peke yake! Jamani, wanaume fumbeni macho! Mrudisheni! Mrudisheni!"

Asha alikuwa uani. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyemwimbia. Miguu ilikuwa haijazoea, alishika ukuta. Jua lilimpiga usoni, machozi yakamtoka kwa ukali wa mwanga, ngozi yake laini na rangi ya chai ya maziwa kwa kukaa gizani. Wapagazi waligeuka, wengine mizigo ikawaponyoka. Dada za bwana harusi, waliokuwa wamekaa mkekani, walisimama wote kwa pamoja na kuanza kukusanya viatu vyao.

"Asha, rudi ndani!" alisema Mwanaheri. "Unajiharibia! Wakwe wako hao wanaondoka!"

"Nawaona."

"Watasema una mkosi!"

"Mama," alisema Asha, "ukuta ule ni wa udongo. Nasikia kila kitu. Siku ile unaikunja kanga ya bibi nilisikia pia. Yunusi alikuambia, sema ni zawadi. Ukacheka."

Mwanaheri aliweka mkono kifuani.

"Nikadhani ni mzaha wenu wa biashara," alisema Asha. "Na mimi sikumwambia bibi."

Alikwenda mpaka kwenye nguzo. Akapiga magoti, vidole vyake vyeupe vya kukaa ndani vikahangaika na ugwe wa mgomba. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyejua tena mwenye ardhi ni nani. Fundo likaachia. Akamkumbatia yule kuku, akaliokota jembe la bibi yake, akaliweka begani.

"Unakwenda wapi?"

"Kumrudishia bibi kuku wake. Na kila nyumba nitakayopita nitawaambia kanga hizi ni za nini."

Akashika njia ya Bigwa. Alitembea kama mtu aliyetoka kuugua, lakini alitembea, na kila hatua ilikuwa imara kuliko ile ya nyuma yake.

Yunusi alikuwa amebadilika rangi.

"Mzuie!" alimfokea Mwanaheri. "Hakuna mwanamume anayeweza kumgusa mwali, unajua hivyo! Lakini wewe mama yake. Wewe ukimwita jina lake mara moja, lazima arudi. Mwali hamkaidi mama. Mwite!"

Ilikuwa kweli. Ndivyo alivyofundwa miezi yote ile gizani. Mama akiita, hata kama chakula kiko mdomoni, unakitema na kuitika.

"Mwite, Mwanaheri! Akifika kwa wale wanawake kabla ya marobota yangu, wewe na mimi hatuna hata nguzo ya kuegemea!"

Uani wote walimtazama. Chausiku alimtazama. Wakwe walisimama na viatu mkononi. Kule kijitoni moshi wa tanuri ulipanda wima.

Asha alikuwa amefika pale njia inapoanza kukunja kuingia kwenye migomba. Kichwa cha kuku mweupe kilichungulia juu ya bega lake, kikimtazama Mwanaheri.

Hatua chache tu, na asingesikia tena.

Barazani kwa Akida neno moja lilitosha kumaliza kila kitu. Sasa lilitakiwa neno moja tena, na lilikuwa jina la mwanawe.

Mwanaheri akavuta pumzi, akafungua mdomo.